Mkono wa Klachi

"Nani kashona hizi?"

Sauti ilipita juu ya kelele za stendi nzima. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, saa ile ambayo mabasi yananguruma bila kuondoka, makondakta wanaita abiria huku wakipuliza viganja, na wenye vibanda wanafungua milango shingo upande kama watu walioamshwa kwa fimbo. Nyuma ya stendi, kwenye safu ya mafundi wa viti, msichana mmoja alikuwa ameinamia cherehani. Alivaa sweta la kijivu lililotoboka kiwiko, sketi ndefu nyeusi, na soksi mbili mbili ndani ya raba. Midomoni alikuwa amebana pini. Hakuinua kichwa.

"Nauliza, nani kashona hizi takataka?"

Vitu viwili vikatua juu ya kiti alichokuwa akikishona. Vilikuwa soksi za usukani, ndivyo waendesha pikipiki wa mji ule walivyoziita: mifuko miwili minene ya turubai yenye bitana ya blanketi, inayovishwa kwenye mishikio ya pikipiki ili dereva achomeke mikono ndani na upepo usimkate vidole. Katika mji ule wa milimani, miezi ya baridi, dereva asiye nazo alirudi nyumbani akafunguliwa vifungo na mkewe. Asiye na mke alilala na koti.

Msichana akatoa pini midomoni moja moja, akazichomeka kwenye sweta.

"Nimeshona mimi. Na takataka ni aliyezivaa."

Mbele yake alisimama kijana mrefu, mwembamba, mwenye koti jeusi la mvua lililochanika begani. Suruali yake ilikuwa imelowa ute wa mayai kuanzia gotini kwenda chini. Waendesha pikipiki wenzake walimwita Panzi, kwa jinsi alivyoruka kati ya magari. Msichana naye waliomjua walimwita Sindano, na hawakumaanisha kazi yake peke yake.

"Umetaka kuniua," Panzi akasema. "Nimefika kwenye kona, nataka kupunguza mwendo, mkono hauzunguki. Soksi imenikaba kama polisi. Nimeingia kwenye meza ya mwuza mayai, mzima mzima."

"Mayai yamepona?"

"Unacheka?"

"Nauliza. Mayai hayakuwa na kosa."

Watu wakaanza kusogea. Sindano akazichukua zile soksi, akazipindua, akaingiza ngumi yake ndani.

"Hii uliivaa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Hii ni ya kushoto. Kushoto kuna klachi, mkono unabana tu, ndiyo maana mdomo wake ni mwembamba. Kulia kunazungushwa, nikaacha nafasi. Nikaweka na uzi mwekundu ili hata kipofu ajue."

"Uzi mwekundu. Alfajiri, gizani, na ukungu huu."

"Ungeuliza."

"Ningemuuliza nani, blanketi?"

Watu wakaangua kicheko. Kutoka ndani ya kibanda akatokea mwanamke mnene aliyevaa koti la kiume, mkononi ana mkasi mkubwa wa kukatia sponji. Huyu alikuwa mama mdogo wa Sindano, ndiye mwenye kibanda na mwenye cherehani zote, na ndiye aliyemlea.

"Kijana, ukimaliza kelele toa pikipiki yako mlangoni. Unawazuia wateja wenye adabu."

Panzi hakuomba radhi. Lakini hakuondoka pia. Sindano akatoka nje, akazivisha soksi mwenyewe, akazifunga kamba, kisha akaishika mikono ya yule kijana na kuichomeka ndani mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeingiza mikate kwenye tanuri. Ilikuwa mikono migumu, imepasuka kwenye viungo, baridi kama chuma. Alikwisha kushika mikono ya madereva wengi namna ile. Huu wa kulia alichelewa kidogo kuuachia, akajikasirikia.

"Zungusha. Funga breki. Unahisi nini?"

"Nahisi unanidharau."

"Hiyo ni nyongeza, haina bei."

Mchana simu ya Sindano ikaita. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye ubao wa kibanda, hivyo yeyote angeweza kupiga.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Niliyevunja mayai."

"Umeanguka tena?"

"Bado. Mkono wa kulia unapitisha upepo."

"Upepo unatoka mdomoni mwako. Ufunge, utaona."

"Unawajibu hivi wateja wote?"

"Wengine wana akili."

Akakata simu. Akaendelea kukanyaga cherehani, na alipofika mwisho wa kitambaa akagundua kwamba ameshona mshono mzima na uzi wa chini umekwisha. Upande wa pili wa mji, Panzi alikuwa amesimama mbele ya benki, akitabasamu ndani ya kofia yake ngumu, mahali ambapo hakuna mtu ambaye angemwona.

Tangu siku hiyo wakawa wanapigiana kila siku, na kila siku waligombana. Hawakuambiana neno tamu hata moja. Panzi alimwita adui.

"Adui, umeamkaje?"

"Nilikuwa nimeamka vizuri, ukapiga."

"Toka nje basi. Niko getini."

"Nani kakuita?"

"Hakuna. Nimepotea njia."

Alipotea njia namna hiyo asubuhi baada ya asubuhi, akawa anampeleka kazini. Sindano alikaa nyuma, ameshikilia chuma cha kubebea mizigo, na upepo wa mteremko ule ulipita katikati ya vidole vyake kama wembe. Akifika kibandani hakuweza kutunga uzi kwenye sindano mpaka jua litoke. Panzi aliona. Hakusema kitu ila alipunguza mwendo, yeye ambaye hakuipunguzia mwendo hata mvua.

Jumapili moja Sindano akamwambia alete lile koti, ashone bega. Bega alilimaliza upesi. Kazi iliyomkalisha hadi jioni ni mifuko miwili aliyoongeza mbavuni. Haikuwa mifuko ya kawaida. Midomo yake ilitazama nyuma, ili aliyekaa nyuma ya dereva apitishe mikono kiunoni na kuizamisha ndani. Akaiwekea bitana ya blanketi lake mwenyewe, lile laini la utotoni, akakata robo nzima. Kila alipochoma sindano alijiona yuko mgongoni mwa Panzi, vidole vina joto, na mji unapita pembeni.

Panzi akalivaa, akajipapasa mbavu.

"Hii ni nini?"

Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini mama mdogo alikuwa palepale nyuma, akikata sponji kimyakimya kuliko kawaida yake, na Sindano akaona haya.

"Vaa. Usiulize."

Panzi hakuuliza. Kwa dereva wa pikipiki kila kilichoongezwa kwenye chombo ni cha kazi: kioo, kiti, honi. Akaona ameongezewa mifuko ya abiria, akashukuru kwa moyo mmoja, na kesho yake akaanza kuitumia kwa abiria wake; Sindano mwenyewe alingoja kuambiwa aingize mikono, akaendelea kushikilia chuma.

Wiki ileile mama mdogo akaleta habari. Amepata kazi katika mji wa tambarare, mbali, ya kushona viti vya mabasi. Mwisho wa mwezi wanahama na cherehani zao.

"Kule ni joto mwaka mzima," akasema. "Hakuna soksi za usukani, hakuna vichaa wa asubuhi."

"Na mimi?"

"Wewe una nini huku? Au kuna mtu amesema neno?"

Hakuna mtu aliyekuwa amesema neno. Sindano hakutaka harusi ya zulia wala gauni. Alitaka neno moja lililonyooka kutoka kwa Panzi, na akilipata, mama mdogo aende na joto lake. Asipolipata, atapanda gari la kuhama naye. Akampa Panzi nafasi.

"Mwisho wa mwezi tunahama," akamwambia asubuhi, akishuka kwenye pikipiki.

Injini ilikuwa ikinguruma.

"Kule joto," Panzi akasema hatimaye. "Vidole vyako vitapona."

Akaingiza gia, akaondoka. Alipofika nyuma ya kona alisimamisha pikipiki na kupiga tangi kwa ngumi, lakini hilo Sindano hakuliona. Yeye aliona mgongo tu.

Kesho yake Panzi hakuonekana getini. Sindano akatumwa na mama mdogo kununua uzi mjini, akaenda kwa miguu, amejifunga kitambaa cha njano kichwani. Kwenye taa za barabarani karibu na soko akaiona ile pikipiki. Nyuma yake alikaa mwanamke aliyevaa koti refu la zambarau na buti safi. Mikono yake ilikuwa imezama ndani ya ile mifuko hadi kwenye vifundo, na shavu lake limelazwa mgongoni mwa Panzi kama mtu aliye kwenye mto wake. Panzi akageuka, akamwona Sindano. Hakupunga mkono. Taa ikawa kijani.

Sindano akampigia simu palepale, akarudia mpaka Panzi aliposimama na kupokea, magari yakimpita kwenye vidole vya miguu.

"Uko wapi?"

"Kazini. Adui, mbona unapumua kama injini mbovu?"

"Nimekuona kwenye taa."

"Na mimi nimekuona. Una kitambaa cha njano."

"Na hukunipungia."

"Mikono ilikuwa ndani ya soksi. Umezishona mwenyewe, unajua haitoki upesi."

"Ya kwako ilikuwa kwenye soksi. Ya yule je?"

"Yule nani?"

"Koti la zambarau."

"Yule ni abiria."

"Abiria analala mgongoni?"

"Anajikinga upepo. Wote wanafanya hivyo."

"Wote?"

"Wote. Wananisubiri kijiweni, wanaacha pikipiki nyingine. Wanauliza, yule wa mifuko ya joto yuko wapi? Umenifungulia riziki, adui. Nilitaka nikuambie."

Alisema hivyo kwa furaha ya kweli, na ndiyo iliyomchoma zaidi. Mwanamke mmoja Sindano angeweza kumchukia. Mji mzima atauchukiaje? Robo ya blanketi lake la utotoni ilikuwa ikipanguswa na viganja vya kila mwenye safari.

Hakurudi na uzi. Alikwenda moja kwa moja kijiweni, ambako pikipiki zilipangwa ukutani na madereva wamekaa juu yake kama ndege waliolowa. Panzi alikuwa amerudi. Alipomwona akatabasamu, kisha tabasamu likakosa pa kukaa.

"Simama," Sindano akasema.

"Nimesimama."

"Usitikisike. Nina wembe."

Akaanza kufumua. Koti likiwa bado mwilini mwa mwenyewe, akakata mshono mmoja baada ya mwingine, nyuzi zikilia tr, tr. Dereva mmoja akapiga mluzi. Hakuna aliyemjibu, naye akaacha. Mfuko wa kwanza ukatoka, ukafuata wa pili. Sindano akavikunja vile vipande vya blanketi, akaviweka kwapani.

"Ungesema," Panzi akasema kwa sauti ya chini.

"Ningesema nini?"

"Kwamba si ya abiria."

"Na wewe ungesema."

"Kuhusu nini?"

Sindano akamtazama usoni. Alimpa muda wa kutosha mtu kutaja jina lake na la babu yake.

"Hata hujui," akasema.

Hapo Panzi akakasirika, kwa sababu alijua. Akafungua kamba za soksi za usukani kwa meno na vidole, akazitupa miguuni mwa Sindano.

"Chukua na hizi. Peleka kwenye joto."

"Vidole vitakatika."

"Ni vyangu."

Hivyo ndivyo walivyoachana, mbele ya watu, kila mmoja amebeba ushindi usiokuwa na faida.

Baridi ya siku zilizofuata haikuwa na huruma. Asubuhi nyasi za pembezoni zilikuwa nyeupe, na bomba za maji zilikohoa bila kutoa kitu. Madereva wenzake wakamwambia Panzi akashonewe soksi kwa fundi mwingine. Alikataa. Alijifunga mifuko ya plastiki juu ya soksi za miguu, akavaa hivyo mikononi, akachekwa. Akapachika magazeti kwenye mikono ya koti. Kila aliposimama kwenye taa, mkono wa kulia ukibaki kwenye breki, wa kushoto aliushusha karibu na injini upate joto. Kila dereva hufanya hivyo. Na kila dereva anajua sharti lake: karibu, usiguse. Mkono ulioganda hauna habari. Ukiuweka juu ya moto hautakuambia.

Siku ile taa ilichelewa. Panzi alikuwa akiwaza gari la mizigo, watu wakipakia cherehani. Mkono wake wa kushoto ulishuka, ukashuka tena, ukatulia. Alisikia harufu kabla ya maumivu.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuhama. Mama mdogo alikuwa akifunga sponji kwa kamba na kuzilaani zote mbili, kamba na sponji, wakati mwanamke wa koti la zambarau alipoingia kibandani. Kwa karibu hakuwa mrembo kama alivyokuwa kwa mbali. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Wewe ndiye Sindano?"

"Inategemea anayeuliza."

"Mimi ndiye niliyekuwa nalala mgongoni kwa mchumba wako."

Mama mdogo akaiweka kamba chini.

"Sina mchumba," Sindano akasema.

"Ndiyo maajabu. Yeye anaye. Kila tukipita hapa nyuma ya stendi ananiambia, mifuko hiyo kashona mchumba wangu, usiivute utakata nyuzi. Nimechoka kumsikia. Mimi mwenyewe nimetoka kuachwa, halafu kila asubuhi nahubiriwa habari za mchumba wa mtu."

"Alisema hivyo?"

"Kwa kila abiria. Mji mzima unajua ana mchumba, umebaki wewe. Sasa mimi nauza kwenye duka la dawa. Jana kanijia, kiganja kimeiva. Nimemsafisha, nimemfunga. Namuuliza soksi zako za usukani ziko wapi, ananijibu zimehamia kwenye joto. Nikajua mna ugonjwa nyinyi wawili, na dawa yake siuzi."

Akajifunga koti lake vizuri, akatoka bila kuaga. Sindano akainama na kukaza kamba za raba.

"Gari linakuja baada ya chakula cha mchana," mama mdogo akasema.

"Najua."

"Usichelewe."

"Siendi popote."

"Na viatu unamfungia nani?"

Panzi alikaa chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao. Pikipiki aliilaza ndani, kati ya kitanda na jiko, na chumba kizima kilinuka petroli. Koti lilikuwa limetundikwa msumarini, nyuzi zilizokatwa zikining'inia mbavuni. Mwenyewe alikuwa kitandani amejifunika hadi kidevuni, mkono wa kushoto umefungwa bandeji ukawa kama kichwa cha mtoto.

"Mlango nimewaachia wezi," akasema. "Sikukuachia wewe."

"Wezi wangeiba nini, wewe?"

"Umekuja kucheka."

"Onyesha mkono."

"Una sindano?"

"Onyesha, nimesema."

Akauonyesha. Sindano hakuugusa. Aliutazama mpaka macho yakauma.

"Nani alikutuma kushika injini?"

"Baridi."

"Na baridi ndiyo iliyokutuma kutupa soksi?"

"Hapana. Huyo ulikuwa wewe."

Nje msumeno wa ghala ulilia, ukakata, ukatulia.

"Unawaambiaga nini abiria wako?" Sindano akauliza.

"Washike vizuri."

"Na nini tena?"

"Wasiegemee kwenye kona."

"Panzi."

"Nani kakuambia?"

"Koti la zambarau."

"Yule mwanamke ana mdomo."

"Anao. Wako umekwenda wapi?"

Panzi akafungua mdomo. Huyu mtu aliyeweza kumtukana dereva wa lori hadi lori likaona aibu, sasa alitafuta neno moja kama anayetafuta ufunguo mfukoni na vidole vimeganda: analigusa, linateleza. Akatazama gurudumu.

"Gari linaondoka saa ngapi?"

"Baada ya chakula."

"Nitakupeleka."

Sindano hakulia. Hasira ilimsaidia, kama ilivyomsaidia siku zote.

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia ninao. Klachi utabana wewe."

"Vizuri. Nipeleke. Nipotee kabisa."

Wakaitoa pikipiki nje kwa matusi. Panzi akakaa mbele, Sindano akakaa nyuma amembana, akapitisha mkono wake wa kushoto chini ya kwapa la Panzi hadi kwenye mshikio. Ulifika kwa shida.

"Nikisema bana, bana yote. Nikisema achia, achia polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia."

"Nimebana watu wabaya kuliko hiki."

"Bana."

Gia ikaingia.

"Achia. Polepole, polepole, mama we..."

Pikipiki ikaruka kama mbuzi, ikatulia, ikaenda.

Walipita barabara ya ghala, wakapita mbele ya shule, wakipiga kelele njia nzima. Bana. Nimebana. Si hivyo. Hivyo vipi? Achia. Umesema bana. Nimesema achia. Watu walisimama kutazama pikipiki yenye madereva wawili na akili ya nusu mtu. Mwanzoni Sindano alijali macho yao. Baadaye hakujali kitu ila mkono. Upepo uliupiga moja kwa moja, ukamkata kucha, ukaingia kwenye mifupa. Kwanza uliuma, kisha ukaacha kuuma, na hapo ndipo alipoogopa. Mtu huyu ameendesha hivi kila alfajiri, akawaza. Ameendesha hivi, akaja getini kwangu kusema amepotea njia.

Kwenye njia panda kubwa ya kuingia stendi taa ilikuwa nyekundu.

"Bana."

Akabana. Wakasimama. Gari la nyanya likasimama nyuma yao, nyuma yake teksi, nyuma yake basi. Kutoka pale kibanda cha mama mdogo hakikuwa mbali, na mbele yake gari la mizigo lilikuwa limekwisha kufika.

Taa ikawa kijani.

"Achia," Panzi akasema.

Sindano hakuachia.

"Sindano, taa."

"Naiona."

"Achia klachi."

"Siachii mpaka useme."

"Niseme nini?"

"Unachowaambia abiria. Mimi leo abiria."

Honi zikaanza. Panzi akazungusha mkono wa kulia, injini ikanguruma kwa nguvu zake zote, na pikipiki haikusogea hata unywele.

"Utatuua hapa."

"Tutakufa umesema."

Dereva wa gari la nyanya akatoa kichwa. "Nyie, kuna nini huko?"

"Ana neno anataka kulisema," Sindano akamjibu.

"Aseme basi, kaka. Nimebeba nyanya, si mawe."

Panzi akainamisha kichwa. Akaiambia mita ya mwendo: "Nawaambia ni mchumba wangu."

"Nani?"

"Wewe."

"Unaongea na mita. Geuka."

Akageuka. Kofia zao zikagongana. Kioo cha kofia yake kilikuwa na ukungu, akakiinua kwa mkono wa bandeji, na macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa upepo.

"Usiende," akasema. "Nataka kukuoa. Nimemwambia kila mtu, nimekubakisha wewe, kwa sababu kati ya hao wote ni wewe tu unayeweza kunikatalia."

Sindano alitaka kuachia polepole, kama alivyofundishwa. Lakini vidole havikuwa vyake tena. Vilifunguka vyote kwa pamoja. Pikipiki ikaruka, ikakohoa, ikazimika katikati ya njia panda, na dereva wa nyanya akafumba macho.

Wakashuka. Wakaisukuma pembeni, yeye kwa mkono mmoja mzima, Sindano ameuficha wake kwapani na kusukuma kwa nyonga.

"Nilisema polepole."

"Vidole havisikii."

"Sasa umejua."

"Nimejua."

"Na jibu langu?"

"Sukuma. Gari litaondoka na cherehani."

Panzi akasimama. "Na cherehani tu?"

"Nimesema cherehani. Bila cherehani nitakula nini huku, matusi yako? Sukuma, mwanamume."

Walipofika, wapakiaji walikuwa wakikaza turubai. Mama mdogo alikuwa amekwisha kupanda mbele, koti lake la kiume limefungwa hadi shingoni, mkoba mapajani. Akawatazama wote wawili kutoka juu hadi chini, na pikipiki iliyokufa pia.

"Mama mdogo," Sindano akasema, "naomba ile cherehani ndogo uniachie."

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mkono umefanya nini?"

"Ujinga."

"Na mdomo?"

"Umefunguka sasa hivi, pale kwenye taa."

Mama mdogo akavuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayehesabu viti vyote atakavyoshona peke yake. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Nyie, ile ndogo ishusheni. Taratibu, si gunia." Akamgeukia Panzi. "Na wewe, usisimame hapo kama nguzo. Waambie wazee wako waje kwangu, waje kwa adabu."

"Ndiyo, mama mkwe."

"Bado," mama mdogo akasema, akapandisha kioo.